Saa Mbili Usiku, Sufuria Zikaanza Kulia

Kwetu saa mbili usiku ni saa ya taarifa ya habari. Mjini Montréal, wiki ya mwisho ya Mei 2012, ilikuwa saa ya sufuria. Mtu amemaliza kula, jua la majira yale likiwa bado halijazama, mara anasikia kwa mbali: ko, ko, ko. Jirani wa ghorofa ya pili ametoka barazani na mwiko na sufuria. Wa chini anamjibu kwa kifuniko. Dakika tano baadaye mtaa wa Villeray unalia kama Kamukunji ya Nairobi pale mafundi wa juakali wanapofua mabati, na watu wanateremka zile ngazi za chuma zilizojengwa nje ya nyumba: bibi na mjukuu, mwalimu, muuza mikate, mama anayesukuma kigari cha mtoto. Wote wanaelekea njiapanda ya Saint-Denis na Jean-Talon.

Hakuna aliyewaarifu polisi, na hapo ndipo ulipokuwa utamu. Siku chache tu nyuma, Ijumaa ya Mei 18, Bunge la jimbo la Québec lilikuwa limepitisha sheria inayotaka polisi wapewe taarifa muda wa saa nane kabla ya mkusanyiko wowote wa watu 50 au zaidi. Sasa maandamano yanayozaliwa jikoni, bila mwandaaji wala mwenyekiti, taarifa yake aipeleke nani? Na faini aandikiwe nani, bibi mwenye sufuria ya uji?

Waandishi wa mrengo wa kushoto wa Kanada wameandika mengi kuhusu mwaka ule, na karibu kila mara picha inayowekwa mbele ni ya sufuria. Nakiri ni picha tamu. Lakini naona sufuria zimepewa sifa ya kazi ambayo hazikuifanya. Zilipoanza kulia mgomo wa wanafunzi ulikuwa umetimiza zaidi ya siku 90. Kazi ngumu ilikuwa imeshafanyika katika kumbi za vyuo zenye hewa nzito, ambako vijana wa miaka 17 na 18 walikaa sakafuni saa nyingi wakibishana kuhusu utaratibu wa kupiga kura.

Chanzo cha mgomo kilikuwa ada. Machi 2011 Waziri wa Fedha wa jimbo hilo, Raymond Bachand, alisoma bajeti iliyotangaza kwamba ada ya chuo kikuu ingepanda dola 325 za Kanada kila mwaka kwa miaka mitano, kutoka dola 2,168 hadi dola 3,793. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 75. Mtu wa Toronto aliyesikia habari hizo alicheka: kwao Ontario mwanafunzi alikuwa akilipa zaidi ya dola 6,000, kwa hiyo vijana wa Québec walikuwa wanalilia nini? Magazeti mengi ya Kiingereza yaliwaita watoto waliodekezwa.

Aliyecheka hakuijua historia. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, shule za Wafaransa wa Québec zilikuwa mikononi mwa Kanisa, na katika mji wao wenyewe wengi wao walikuwa makarani na vibarua wa mabwana waliozungumza Kiingereza. Serikali ya Jean Lesage iliyoingia mwaka 1960 ilianzisha mageuzi ambayo watu wa huko huyaita Mapinduzi ya Kimyakimya. Elimu ilikuwa moyo wa mageuzi hayo. Mwaka 1967 vilianzishwa vyuo vya kati vinavyoitwa cégep, ambavyo kijana huingia akitoka sekondari na kusoma karibu bure. Ada ya chuo kikuu ikagandishwa kwenye dola 540 hivi kwa mwaka, ikakaa hapo kuanzia 1968 hadi 1990. Nyuma ya hesabu hiyo palikuwa na ahadi iliyotolewa kwa taifa zima, kwamba ipo siku ada itafutwa kabisa. Kwa hiyo mzee aliyetoka na sufuria mwaka 2012 alikuwa akidai deni la zamani, hata kama hakuwa na mtoto chuoni.

Hoja ya serikali ya Waziri Mkuu wa jimbo, Jean Charest, tunaijua vizuri huku kwetu. Ni ileile iliyotufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa jina la kuchangia gharama. Anayesoma ndiye atakayekuja kuvuna mshahara mkubwa, basi atoe sehemu yake. Katika bajeti za miaka ya kabla ya mgomo serikali ya Charest ilikuwa imeanzisha tozo ya afya iliyofikia dola 200 kwa mtu mzima mwaka 2012, karibu sawa kwa wote isipokuwa wenye kipato cha chini kabisa, na mwenye kampuni na mfagiaji wakajikuta foleni moja. Tozo hiyo na nyongeza ya ada vilitoka jungu moja: huduma ya umma iwe bidhaa na anayeitumia ailipie.

Wapo wachumi waliosema, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwamba ada ya chini ni zawadi kwa matajiri, kwa kuwa watoto wao ndio wanaojaza vyuo vikuu. Heri kuwatoza, kisha fedha hizo zigeuzwe ruzuku kwa maskini. Wanafunzi walijibu kwamba tajiri ana mahali pake pa kutozwa, napo ni kwenye kodi ya mapato, ambako daktari au wakili atalipa kwa miaka 30 kadiri anavyochuma. Ukimtoza mlangoni, akiwa na miaka 19 na hana kitu, unamuuliza baba yake ana nini. Na mtoto wa dereva wa teksi, hata akiahidiwa mkopo, ataogopa deni kabla hajaufikia mlango. Watafiti wa taasisi ya IRIS ya Montréal walikuwa wameyaandika haya kwa tarakimu kabla mgomo haujaanza, na vijitabu vyao vilisomwa kwenye mabasi. Jimbo hilohilo lilikuwa limemaliza kufuta kodi ya mtaji wa makampuni mwaka 2011. Muungano mkubwa wa wanafunzi ukadai kodi hiyo irudishwe kwa mabenki, igharimie elimu bure. Kati ya pande hizo mbili mimi nawaelewa zaidi wanafunzi, ingawa swali la watoto wa matajiri hawakulijibu likaisha.

Sasa turudi kwenye zile kumbi zenye hewa nzito.

Québec ina sheria ya mwaka 1983 inayovitambua vyama vya wanafunzi karibu kama vyama vya wafanyakazi. Chama kikishathibitishwa, kila mwanafunzi wa pale hukatwa mchango wa chama pamoja na ada yake, na chama ndicho kinachomsemea. Kwa hiyo chama kina ofisi, kina mashine ya kuchapa, kina fedha za kukodi mabasi. Na juu ya viongozi kuna mkutano mkuu wa wanachama, ambao una sauti ya mwisho. Hapo ndipo mgomo ulipigiwa kura, chuo kwa chuo, idara kwa idara.

Mkutano wenyewe haukuwa na mbwembwe. Anaingia mwenyekiti wa kikao asiyekuwa na upande. Foleni ya wasemaji inapangwa, mara nyingi kwa zamu, mwanamke kisha mwanamume, ili wenye sauti nene wasiimeze siku. Hoja inasomwa, anainuka mtu na marekebisho ya hoja, mwingine na marekebisho ya marekebisho, wa tatu anadai utaratibu umevunjwa. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa chama cha ushirika atajua ninachosema: njaa inauma na ajenda ya pili haijaguswa. Wanaopinga mgomo walikuwa na kipaza sauti chao, na palikuwa na vyuo ambako walishinda. Uamuzi wa mgomo nao ulikuwa na masharti: usianze mpaka vyama 7, vyenye jumla ya wanafunzi 20,000, viwe vimepitisha. Na baada ya kuanza ulirudishwa kwa wanachama mara kwa mara, wengine kila wiki, ili wauhuishe au wauvunje.

Mgomo ulianza Februari 13. Kufikia Machi 22 wanafunzi wapatao 300,000 walikuwa nje ya madarasa, na siku hiyo katikati ya Montréal ilijaa umati uliokadiriwa kufika watu 200,000. Kila kifua kilikuwa na kipande cha kitambaa chekundu cha mraba kilichobanwa kwa pini. Alama hiyo ilitumiwa kwanza mwaka 2004 na wapigania haki za maskini, na wanafunzi wakaichukua mwaka 2005 walipogomea kukatwa kwa dola milioni 103 za ruzuku ya masomo. Maana yake imejificha kwenye mchezo wa maneno ya Kifaransa, ambamo neno moja hubeba mraba na pia «kabisa kabisa». Na kuwa kwenye wekundu, kama wasemavyo watu wa hesabu, ni kuwa na deni. Hata jina la vuguvugu lenyewe lilikuwa mchezo: kwa Kifaransa, mti wa mepo unaotoa jani la bendera ya Kanada unakaribiana kwa sauti na neno Arabu, basi wakauita msimu wao kwa jina hilo, mwaka mmoja baada ya mapinduzi ya Tunis na Cairo.

Serikali ilidhani itaushinda mgomo kwa kuwatenganisha viongozi. Palikuwa na mashirikisho mawili ya kawaida, la vyuo vikuu na la cégep, na muungano wa tatu ulioitwa CLASSE, mkali zaidi. Msemaji mmoja wa CLASSE alikuwa Gabriel Nadeau-Dubois, mwanafunzi wa historia mwenye miaka 21. Waziri wa Elimu Line Beauchamp akamtaka alaani vurugu hadharani, la sivyo hataitwa mezani. Akajibu kwamba yeye ni msemaji tu, na wanachama hawajamtuma kusema hivyo, atawauliza. Watangazaji wa televisheni walikasirika wakaona anakwepa. Mimi naona ndilo jibu lililowachanganya zaidi wakubwa wa serikali wakati wote ule, kwa sababu huwezi kumnunua wala kumtisha mtu asiye na mamlaka ya kuuza.

Wanachama wakakaa, wakalaani vurugu za makusudi dhidi ya watu, na bado mwishoni mwa Aprili CLASSE ikafukuzwa mezani. Usiku wa Aprili 24 watu wakaanza kuandamana kutoka uwanja wa Émilie-Gamelin, wakaendelea usiku baada ya usiku kwa zaidi ya usiku 100. Siku tatu baada ya usiku ule wa kwanza Charest alitoa kile alichokiita nafuu: nyongeza isambazwe kwa miaka saba badala ya mitano, dola 254 kwa mwaka. Wanafunzi wakatoa kalamu. Mara saba ni dola 1,778. Nyongeza ya awali ilikuwa dola 1,625. Wiki moja kabla ya hapo alikuwa amewafanyia mzaha mbele ya wafanyabiashara, kwamba waandamanaji wangeweza kutafutiwa kazi, ikiwezekana huko kaskazini kwenye migodi na barafu. Ukumbi ulicheka. Nje, polisi na vijana walikuwa wakipambana.

Mei 4, mbele ya hoteli mjini Victoriaville ambako chama tawala kilikuwa kimehamishia mkutano wake, mapambano yalikuwa mabaya kuliko yote. Palikuwa na kijana aliyepoteza jicho. Usiku huohuo mjini Québec viongozi wa wanafunzi walikuwa ndani na mawaziri kwa saa 22 mfululizo, wakatoka na makubaliano ya awali. Makubaliano yakapelekwa kwenye mikutano mikuu, na mikutano ikayatupa, chuo baada ya chuo. Beauchamp akajiuzulu na kuacha siasa Mei 14. Ndipo ikaja sheria ya Mei 18, kwa kura 68 dhidi ya 48. Ilisimamisha muhula hadi Agosti kwenye vyuo vilivyogoma, ikaweka faini ya hadi dola 35,000 kwa kiongozi na hadi dola 125,000 kwa chama. Siku ileile baraza la jiji la Montréal lilikaza kanuni yake ya maandamano: njia itajwe mapema, nyuso zisifunikwe.

Hapo serikali ikawa imebadilisha mjadala bila kujua. Mpaka siku ile kura za maoni zilionyesha kwamba wananchi wengi waliikubali nyongeza ya ada. Lakini kuikubali nyongeza ni jambo moja, na kuambiwa uombe kibali ili usimame njiapanda na majirani zako ni jambo jingine. Chama cha mawakili cha Québec kilitoka hadharani kuilaumu sheria. Mwezi Juni Navi Pillay, Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, ambaye miaka kadhaa kabla alikuwa jaji wa mahakama ya Rwanda pale Arusha, naye aliitaja. Na mitaani zikalia sufuria.

Sufuria zenyewe hazikuwa uvumbuzi wa Montréal, wala si mali ya mrengo wa kushoto. Zimetoka Chile. Desemba 1971 wanawake, wengi wao wa familia zenye nafasi, walizigonga dhidi ya Salvador Allende, rais msoshalisti. Miaka 12 baadaye, mwaka 1983, vitongoji vya maskini vikazigonga dhidi ya Jenerali Pinochet aliyempindua. Mwaka 2001 zilifika Buenos Aires, benki zilipofungia watu akiba zao. Na wasomaji wa Kenya wanakumbuka mwaka 2023, pale waandamanaji wa Nairobi walipozivaa vichwani kulalamikia bei ya unga. Sufuria haina chama. Humfuata yeyote anayeweza kusema kwamba jikoni kwake kuna jambo.

Usiku wa Mei 23 polisi wa Montréal waliwazingira watu 518 kwa mpigo na kuwaandikia faini ya zaidi ya dola 600 kila mmoja. Mbinu hiyo ya kuzingira Waingereza huipa jina la birika, na watu wa Québec huiita mtego wa panya, kwa hiyo usiku ule ni kana kwamba vyombo vyote vya jikoni vilikuwa barabarani. Miongoni mwa waliokuwa wakionekana kwenye maandamano yale alikuwemo mwalimu wa falsafa aliyevaa vazi la panda, ambaye baadaye aliipeleka kanuni ya jiji mahakamani. Hadi mwaka 2018 vifungu vyake viwili vikubwa, cha nyuso na cha njia, vilikuwa vimetenguliwa.

Charest aliitisha uchaguzi wa Septemba 4. Pauline Marois wa Parti Québécois, aliyekuwa amevaa ule mraba mwekundu bungeni, alishinda kwa viti 54 dhidi ya 50, na kwa tofauti ya kura isiyofika asilimia moja. Charest alipoteza hata kiti chake mwenyewe cha Sherbrooke. Léo Bureau-Blouin, aliyeongoza wanafunzi wa cégep, akaingia bungeni akiwa na miaka 20. Mwezi huohuo Marois akafuta nyongeza na kuvitoa vifungu vikali vya sheria. Wanaoupenda mkasa huu huishia hapo.

Ulikuwa na mkia. Februari 2013 serikali mpya iliitisha mkutano wa elimu ya juu, ikaamua ada ipande kwa karibu asilimia 3 kila mwaka, polepole, bila kelele. Hakuna sufuria iliyolia. Zaidi ya miaka kumi baadaye mwanafunzi mkazi wa Québec alikuwa akilipa karibu dola 3,000 kwa mwaka, bado chini ya zile dola 3,793 ambazo Charest alitaka zifikiwe kufikia mwaka 2017. Kwa hiyo mgomo ulishinda, ushindi wa kupunguza mwendo. Mzigo ukahamishiwa kwa wageni. Oktoba 2023 serikali ya François Legault ilitangaza kupandisha ada ya Wakanada wanaotoka majimbo mengine, ikaishia dola 12,000, na kuweka kima cha chini cha dola 20,000 kwa wanafunzi wa kimataifa. Wafaransa na Wabelgiji wanaozungumza Kifaransa wakaachwa nje ya hesabu hiyo. Kijana wa Bujumbura au Bukavu aliyeichagua Montréal kwa sababu ya Kifaransa hichohicho hakuachwa, labda awe miongoni mwa wachache wenye msamaha. Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Québec iliona uamuzi wa kuwapandishia Wakanada wa majimbo mengine haukuwa na msingi wa kutosha. Wageni hawapigi kura, wala hawana baraza la ghorofani lenye majirani wa miaka 30 wa kuwajibu kwa kifuniko.

Nadeau-Dubois alihukumiwa Novemba 2012 kwa kudharau mahakama, kwa maneno aliyoyasema kwenye televisheni kuhusu amri zilizowaruhusu wachache kuingia darasani. Alipewa saa 120 za kazi za jamii, akakata rufaa, na Oktoba 2016 Mahakama ya Juu ya Kanada ikathibitisha kuwa hana hatia. Mwaka uliofuata akawa mbunge.

Na wale waliozingirwa mitaani nao walisubiri. Mwaka 2022, miaka kumi baada ya sufuria, jiji la Montréal lilikubali kulipa dola milioni 6 kwa watu zaidi ya 3,000 waliokamatwa katika maandamano ya kati ya mwaka 2011 na 2015, na likawaomba radhi hadharani.